Valongo: Ufuo Uliofukiwa Mara Mbili

Valongo ni ghuba ndogo ya zamani katika bandari ya Rio de Janeiro, Brazili, iliyokuwa kando kidogo ya mji wa wakati huo, chini ya vilima vya Conceição na Livramento. Leo haina maji. Bahari imesukumwa mbali kwa kifusi, na palipokuwa na mawimbi pana barabara, maghala na njia ya tramu. Kwa makadirio ya UNESCO, Waafrika wapatao 900,000 waliingia Amerika Kusini kupitia ufuo huu wakiwa watumwa, na mji uliotajirika kwa jasho lao ulifanya juhudi kubwa ya kuuficha.

Soko la watumwa halikuanzia hapo. Wareno walioanzisha Rio mwaka 1565 waliendesha biashara hiyo katikati ya mji, karibu na jumba la gavana, na ilipanuka baada ya dhahabu kugunduliwa bara, Minas Gerais, mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1763 Rio ikawa makao makuu ya koloni. Watu wenye hadhi walianza kulalamika kwamba mateka walioshushwa wakiwa uchi na wagonjwa walikuwa wakipitishwa mbele ya milango yao. Mwaka 1774 mtawala wa koloni, Markizi wa Lavradio, aliamuru soko lihamishiwe Valongo. Kilichowakera wakubwa kilikuwa kuyaona mateso yale na kuhofia maradhi; biashara yenyewe hawakuwa na neno nayo.

Familia ya kifalme ya Ureno ilimkimbia Napoleon na kuhamia Rio mwaka 1808. Mji ukafurika watu, mashamba ya kahawa yakaanza kuenea katika bonde la mto Paraíba, na mahitaji ya watumwa yakapanda. Gati la mawe lilijengwa mwaka 1811. Mateka waliovuka bahari salama walipelekwa kwenye maghala ya mtaa wa Valongo, ambao leo unaitwa Rua Camerino. Humo walinyolewa nywele, wakalishwa na kupakwa mafuta ili ngozi ing'ae mbele ya wanunuzi. Mwandishi Mwingereza Maria Graham, aliyepita mtaani hapo mwaka 1823, aliwakuta vijana wenye vichwa vilivyonyolewa wamekaa kwenye mabenchi marefu wakisubiri kuuzwa.

Wengi walitoka Angola na pwani ya Kongo. Hata hivyo, kadiri Uingereza ilivyozidi kubana biashara hiyo katika Afrika Magharibi, wafanyabiashara wa Rio waligeukia Bahari ya Hindi. Meli zao zilipakia watu katika Kisiwa cha Msumbiji, Quelimane na Inhambane, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa safari ya miezi miwili au zaidi, ndefu na ya mauti kuliko ile ya Luanda. Rio watu hao waliitwa kwa jumla "Moçambique", jina lililofunika makabila mengi. Miongoni mwao walikuwamo Wamakua, ambao ndugu zao wa lugha wanaishi hadi leo Masasi na sehemu nyingine za kusini mwa Tanzania. Historia ya Valongo, kwa hiyo, inaufikia ukanda wetu moja kwa moja, ingawa huku hutajwa kwa nadra.

Waliokufa kabla ya kuuzwa walizikwa karibu na soko, katika uwanja ulioitwa Makaburi ya Pretos Novos, yaani weusi wapya, jina walilopewa waliotoka tu melini. Kuzika ni neno la heshima mno kwa kilichofanyika pale. Maiti zilitupwa bila jeneza katika mashimo mafupi, zikachomwa, na mifupa ikavunjwa ili kuwapisha wengine. Vitabu vya parokia ya Santa Rita vina kumbukumbu za zaidi ya watu 6,000 waliofukiwa hapo kati ya 1824 na 1830 peke yake. Kwa watu waliolelewa wakijua kwamba maiti huoshwa, huliliwa na kusindikizwa na jamaa, hakuna ukatili uliozidi huo.

Sheria ya Novemba 1831 ilipiga marufuku kuingiza watumwa, na soko la Valongo likafungwa. Magendo yaliendelea kwenye fukwe za mbali hadi sheria kali ya 1850 ilipotungwa, na utumwa wenyewe ulifutwa Mei 1888. Gati, kwa upande wake, lilipata kazi mpya. Mwaka 1843 mawe yake yalifunikwa kwa mengine yaliyochongwa vizuri, ili Teresa Cristina, binti wa kifalme kutoka Italia aliyekuja kuwa mke wa mfalme Pedro wa Pili, ashukie mahali pa heshima. Likaitwa Gati la Malkia. Mwaka 1911, Rio ilipokuwa ikivunjwa na kujengwa upya ili ifanane na Paris, hilo nalo likafukiwa.

Mitaa iliyolizunguka haikufukika kwa urahisi hivyo. Gamboa, Saúde na Santo Cristo zilibaki mitaa ya makuli wa bandarini, wachuuzi, mafundi na wapishi wanawake, wengi wao watu weusi waliozaliwa huru au waliopata uhuru. Baadaye msanii Heitor dos Prazeres aliufananisha ukanda huu na Afrika ndogo, na jina la Pequena África likashika. Machado de Assis, mwandishi ambaye Wabrazili wengi humweka juu ya wote, alizaliwa kilima cha Livramento mwaka 1839, mjukuu wa watumwa walioachwa huru. Kwenye kilima jirani cha Providência, askari waliorudi kutoka vita vya Canudos mwaka 1897 walijijengea vibanda baada ya serikali kutowapa makazi. Wakakiita kilima hicho Favela, na jina hilo likaenea kwa mitaa yote ya aina hiyo nchini. Mwaka 1904 serikali ilipolazimisha chanjo ya ndui huku ikibomoa nyumba za maskini, wakazi wa Saúde na Gamboa waliweka vizuizi barabarani na kupambana na jeshi.

Chini ya kilima cha Conceição kuna Pedra do Sal, mwamba uliochongwa ngazi, ambao jirani yake chumvi ilikuwa ikishushwa. Watu wa jimbo la Bahia waliohamia Rio katika karne ya 19 walikutana hapo, wakaleta ibada ya candomblé, mapishi yao na ngoma. Mjini Rio ngoma hizo zilikutana na nyingine na kuzaa samba ya mjini. Nyumba ya Tia Ciata, mwanamke wa Bahia aliyefariki mwaka 1924, ilikuwa kitovu cha wanamuziki wa samba hiyo, na wimbo "Pelo Telefone" uliosajiliwa na mwanamuziki Donga mwaka 1916 ulitoka katika duru hiyo.

Ardhi ilianza kurudisha yaliyofichwa mwaka 1996. Familia moja iliyokuwa ikikarabati nyumba yake mtaa wa Pedro Ernesto ilikuta mifupa ya binadamu chini ya sakafu. Yalikuwa Makaburi ya Pretos Novos. Baadhi ya meno yalikuwa yamechongwa kwa desturi za makwao, alama ambayo moto na majembe havikuifuta. Wenye nyumba waliigeuza kuwa taasisi ya kumbukumbu mwaka 2005. Mwaka 2011 matengenezo ya bandari kwa ajili ya Kombe la Dunia na Olimpiki yalifumua gati lenyewe, na timu ya Tania Andrade Lima wa Jumba la Makumbusho la Taifa ikakusanya shanga, kauri, hirizi, viko na pete zilizosokotwa kwa nyuzi za mmea. Leo tabaka zote mbili zinaonekana kwa pamoja: chini mawe makubwa yasiyolingana ya 1811, juu yake vipande vilivyochongwa vya 1843. UNESCO iliorodhesha gati hilo kuwa urithi wa dunia mwaka 2017.

Msafiri wa begi la mgongoni anayekaa Rio wiki moja huanza kwa kawaida na Copacabana na sanamu ya Kristo kule Corcovado. Njia ya urithi wa Kiafrika iliyowekwa na manispaa mwaka 2011 haihitaji zaidi ya nusu siku kwa miguu: gati, makaburi, Pedra do Sal ambako samba hupigwa Jumatatu usiku, bustani ya kilimani iliyojengwa wakati wa mabadiliko ya mji, kituo cha utamaduni cha José Bonifácio, na uwanja wa Largo do Depósito uliokuwa na maghala ya watumwa. Uwanja huo sasa una jina jingine: Praça dos Estivadores, Uwanja wa Makuli.