NANI ANASIKILIZWA NA SERIKALI? FUNZO LA KAHAWA NA SIMU

Kila serikali husukumwa. Swali la kada ni hili: inasukumwa na nani, na kwa manufaa ya tabaka gani? Wakulima wa Bukoba na Muleba wana historia ya kutujibu.

Mwaka 1924 akina Klemens Kiiza waliunda Bukoba Bahaya Union. Mwaka 1937 wakulima walizipinga kanuni za kahawa zilizotungwa bila wao, na serikali ya kikoloni ikawajibu kwa polisi. Walikuwa na haki, lakini hawakuwa na chombo cha kiuchumi. Chombo hicho kilipatikana mwaka 1950, ilipoandikishwa Bukoba Native Cooperative Union. Tangu hapo mkulima hakuzungumzia bei peke yake.

Tuyatazame sasa mawasiliano. Azimio la Arusha la 1967 liliyahesabu miongoni mwa njia kuu za uchumi. Hata hivyo, mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL ziliuzwa kwa wawekezaji wa nje, na kampuni hiyo haikurudi yote mikononi mwa Serikali mpaka 2016. Katika kipindi hicho makampuni binafsi ya simu yalipata nguvu. Mwaka 2008 M-Pesa ilianza nchini. Fedha anazotumiwa mzee wa Kamachumu au Nshamba na mwanawe aliye Dar es Salaam zikaanza kupita mikononi mwa makampuni hayo.

Mwaka 2013 Bunge lilipitisha kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Makampuni yaliungana kuipinga, yakisema kwamba maskini ataumia. Wananchi nao walilalamika. Mwezi Julai Rais Kikwete alikutana na wahusika na kuagiza ufumbuzi utafutwe. Kodi ile ikaondolewa, na badala yake ushuru wa huduma za simu ukapandishwa hadi asilimia 17.

Tuchambue jambo hili bila jazba. Hoja ya makampuni ilikuwa ya kweli: shilingi 12,000 kwa mwaka ni mzigo kwa mkulima. Lakini laini zikizimwa, faida yao nayo hupungua. Maslahi mawili yalikutana kwa muda tu. Mkulima alitajwa sana katika mazungumzo yale, lakini hakuwa na kiti. Alipofutiwa kodi ya laini, aliendelea kulipa kila alipozungumza.

Julai 2021 ilikuja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000. Malalamiko yalienea nchi nzima. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena. Hapa sauti ya umma ilisikika, lakini baada ya sheria kupita. Sisi makada tujiulize: kabla ya hapo, matawi yetu yalikuwa wapi?

Hatusemi makampuni yasisikilizwe. Tunasema yana wanasheria, wataalamu na ofisi karibu na wizara, ilhali mkulima ana tawi lake na ushirika wake. Kwa hiyo kazi zetu ni tatu. Kwanza, kila muswada wa kodi ujadiliwe tawini kabla haujafika Bungeni. Pili, ushirika usiishie kwenye kahawa. Uzungumzie pia gharama ya fedha ya mkulima inapopita simuni. Tatu, kiongozi akikutana na wenye mitaji, awaeleze wananchi nini kilizungumzwa.

Wakulima wa 1937 hawakuulizwa. Chama kitakachosahau kuwauliza wajukuu wao kitakuwa kimesahau kwa nini kiliundwa.