Tembe na Bayleaf: Nani Anabeba Paa?

Pale Kizota, Dodoma, kwenye maghala ya nafaka na ule ukumbi uliozoea mikutano mikuu ya CCM, nyumba ni za matofali na bati. Tembe la Mgogo utalikuta mbele zaidi, vijijini, nalo watu huliita nyumba ya udongo. Sikubaliani nao. Tembe ni nyumba ya miti iliyovikwa udongo, na kwa hilo ni ndugu wa nyumba ya mkulima wa Kiingereza.

Chukua Bayleaf, nyumba ya shamba iliyosimama Chiddingstone, Kent. Sehemu yake kongwe ilijengwa kati ya 1405 na 1430. Kiunzi ni cha mwaloni: nguzo, boriti na makombamoyo vimeungwa kwa ndimi na matundu, vikakazwa kwa vigingi vya mti. Kati ya nguzo zikasukwa fito, zikakandikwa udongo. Ubomoe udongo huo wote, paa halishuki. Kwenye tembe, nguzo za panda huchimbiwa ardhini, boriti hulazwa juu ya panda, fito zikapangwa zikibanana, kisha nyasi na udongo wa kushindilia. Mzigo huo, tena mzito kweli, unabebwa na panda. Hata moshi ni uleule: Bayleaf haikuwa na dohani, moto uliwaka katikati ya ukumbi na masizi yakagandia makombamoyo.

Zinaachana kwenye mvua. Kent hunyeshewa mwaka mzima, ndiyo maana paa lake limesimama mteremko mkali. Dodoma hupata milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Paa bapa linatosha, na juu yake mtama unaanikwa.

Bayleaf ilipopisha bwawa la Bough Beech, mwishoni mwa miaka ya 1960, mafundi waliifungua kiungo kwa kiungo, wakaisimamisha upya makumbusho ya Singleton, Sussex. Matembe hayakufunguliwa. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwahamishia wenyewe vijiji vya ujamaa, na nguzo zilizozikwa ardhini zikabaki na mchwa.

Lipo tembe la maonyesho Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, mji unaopata mvua karibu maradufu ya Dodoma. Kwa paa la udongo hiyo ni adhabu. Ningeulizwa, ningetaka lingine lijengwe Kizota, na wazee wanaojua kuchagua panda walipwe kama mafundi.