Madebe Matano hadi Nairobi: Habari za Pikapu za Kale na Iktisadi ya Mafuta

Kabla ya pampu za petroli kuenea katika miji yetu ya pwani na bara, mafuta yalikuwa yakisafiri ndani ya debe, bati la pembe nne lenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, yaani takriban lita 18, na aghalabu madebe mawili yakitiwa pamoja katika sanduku moja la mbao, yakashushwa forodhani, yakachukuliwa na mahamali hadi madukani, na kutoka huko yakaenea hata kufika vijiji ambavyo gari lilikuwa halijapata kuonekana. Mafuta yalipokwisha, bati halikutupwa. Watu walilipimia mahindi, wakalitekea maji, wakalikunjua na kuliezekea nyumba, na jina lake likabaki kuwa kipimo cha nafaka sokoni mpaka hivi leo. Nimeanza na debe kwa kusudi, kwa sababu wazee walioendesha pikapu zama hizo hawakuhesabu iktisadi ya mafuta kwa maili katika galoni, wala kwa lita katika kilomita 100 kama waandikavyo watengenezaji. Wao walihesabu safari kwa madebe. Ukimwuliza utingo, Mombasa hadi Nairobi kuna mwendo gani, alikujibu: madebe matano.

Jibu hilo lilikuwa jibu la Landrova. Mwendo huo ni wa maili 300 hivi, na Landrova ya petroli iliyopakiwa mzigo, ikipita katika vumbi jekundu la nyika ya Taru, haikutoa zaidi ya maili 15 kwa kila galoni. Kwa hiyo ilihitaji galoni 20, na galoni 20 ni madebe matano kamili. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ingali imechoka kwa vita na chuma kikigawiwa kwa kibali, ndipo kiwanda cha Rover kikalifanyia bodi ya aluminiamu, ambayo haikupata kushika kutu hata katika hewa ya chumvi ya pwani yetu. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya lita 1.6, kisha ikawa ya lita 2, na tangu 1958 ikawa ya lita 2.25, nayo pikapu ya urefu wa inchi 109 baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ndiyo iliyojulikana sana kwa mabwana shamba, wamisionari, maafisa wa wilaya na vyama vya ushirika.

Si haki kulilaumu gari hilo kwa ulafi wake bila ya kueleza asili yake. Uso wake ulikuwa bapa kama ubavu wa kasha, hata upepo haukupata pa kuteleza. Gia zake zilikuwa fupi, kwa ajili ya matope na milima. Na injini yake ilibana hewa mara 7 tu kabla ya cheche, kwa kuwa petroli iliyopatikana katika nchi nyingi ilikuwa duni, na petroli duni ikibanwa sana hujiwakia kabla ya wakati wake, injini ikagonga kama mtu anayepiga nyundo juu ya fuawe. Injini isiyobana sana haivunjiki upesi, lakini hupoteza sehemu kubwa ya moto wake kwa kupasha joto rejeta na bomba la moshi. Tangi lake la galoni 10 lilikaa chini ya kiti, na kwa kuwa geji ya mafuta ilikuwa chombo cha kwanza kufa katika gari, dereva aliinua mto wa kiti, akafungua kifuniko, akatumbukiza kijiti cha mkandaa alichokichonga alama kwa kisu, akakitoa na kukitazama upesi kabla petroli haijakauka juani. Kijiti hicho hakikusema uongo.

Pikapu zilizoleta hesabu mpya ni zile za Peugeot. Mtindo wa 404, uliotoka mwaka 1960, ulipata sifa katika Afrika ya Mashariki kwa kushinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968, na pikapu yake ilipofika mwishoni mwa miaka hiyo, wafanyabiashara walikwisha kuiamini kabla ya kuiona. Ikiendeshwa kwa busara iliweza kutoa maili 25 kwa galoni, maana yake Nairobi ilisogea karibu ikawa ya madebe matatu. Na ile iliyotiwa injini ya dizeli ya lita 1.9, yenye kubana hewa mara 20 na zaidi bila ya kuhitaji cheche, ilipunguza hata hayo matatu. Nchini Kenya pikapu hizi zilifungwa paa la turubali au la bati, zikawekwa mabao mawili ya kukalia, zikaingia katika kazi ya matatu, ambayo mwaka 1973 Rais Kenyatta aliiruhusu kuchukua abiria kwa nauli bila ya leseni maalumu.

Lakini gari jema mikononi mwa fundi mbaya hunywa kuliko gari baya mikononi mwa fundi mwema, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Nilipokuwa kijana nilikuwa nikishinda katika uwanja wa fundi mmoja wa Mombasa, chini ya mwembe, na siku moja aliletewa pikapu ambayo mwenyewe alilalamika kwamba inamfilisi. Fundi hakuuliza neno. Aliifungua plagi ya kwanza, akaifuta kwa kidole gumba, akaielekeza kwenye jua. Ilikuwa nyeusi ti, imevaa masizi makavu kama chungu cha mama ntilie. Nikamwuliza, "Ami, wajuaje ugonjwa kabla hujaliwasha?" Akanijibu, "Mwanangu, tabibu hutazama ulimi wa mgonjwa. Plagi ndiyo ulimi wa injini." Kisha akanifunza: nyeusi ya masizi ni dalili ya petroli kuzidi hewa, nyeupe kama chokaa ni dalili ya hewa kuzidi petroli, na hiyo ni mbaya zaidi kwa kuwa huunguza vali, iliyo sawa ni ya rangi ya kahawia, kama ganda la ukwaju uliokauka. Akalifungua chujio la hewa, lile la kuogea oili, tukakuta udongo umeganda ndani yake mpaka hewa haina njia. Akaliosha kwa mafuta ya taa, akatia oili mpya, akaiwasha injini, akaukaza kidogo kidogo msumari wa kabureta hata injini ikaanza kukwama, ndipo akaurudisha nusu mzunguko, huku ameinamisha sikio na kufumba macho. Mwenye gari alirudi wiki ya pili kumletea papa mkavu kwa shukrani.

Fundi huyo alikuwa na kikebe kilichojaa vijipande vya shaba vyenye tundu jembamba katikati, kila kimoja na namba yake, navyo ni jeti za kabureta. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya futi 5,000, na Limuru kwa zaidi ya futi 7,000. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, na kabureta, ambayo haina akili ya kutambua mlima, huendelea kumimina petroli kana kwamba ingali kando ya bahari. Basi pikapu iliyorekebishwa huko bandarini Kilindini ikipanda bara hutoa moshi mweusi na kupoteza nguvu, dereva naye akazidi kukanyaga, na hasara ikaongezeka juu ya hasara. Madereva wa safari ndefu walibadilisha jeti kwa mujibu wa makao yao, ya tundu dogo kwa bara na ya tundu kubwa kwa pwani. Wasio na jeti ya pili walipenyeza unyuzi mwembamba wa shaba ndani ya tundu, wakauchomoa waliporudi. Aliyesahau kuuchomoa aliziunguza vali zake kabla ya mwezi kuandama.

Halafu ilikuja Oktoba 1973. Vita vya Mashariki ya Kati vilipowaka na nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao, pipa lililokuwa likiuzwa karibu dola 3 lilipita dola 11 ilipofika Januari 1974, na mitambo ya kusafishia mafuta ya Changamwe na ya Kigamboni, ambayo tulijivunia, haikuweza kutuokoa, kwa kuwa ilisafisha tu yale tuliyoyanunua kwa wengine. Tanzania ilipiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana bila ya kibali. Hatujapata pumzi, yakaja mapinduzi ya Iran ya 1979, na Tanzania ikiwa imetoka katika vita vya Kagera hazina ikiwa tupu. Foleni za sheli zikawa ndefu, madereva wakilala ndani ya magari yao, na mafuta ya taa yakachanganywa na petroli na watu wasio na dhamana, injini zikagonga na oili ikageuka maji. Katika dhiki hiyo pikapu za Kijapani, ambazo wengi waliziona dhaifu, zilipata heshima yake: Datsun, na Toyota Hilux iliyoanza 1968 kwa injini ya lita 1.5 tu. Jijini Dar es Salaam zile zilizotiwa mabao ya kukalia watu wakielekeana ziliitwa chai maharage, kwa kuwa abiria walikaa kama wateja wa mgahawa.

Kuna iktisadi ya namna moja ambayo siwezi kuisifu. Injini ya kabureta huendelea kunyonya petroli hata gari likiteremka lenyewe likiwa ndani ya gia, tofauti na injini nyingi za siku hizi ambazo hukata mafuta dereva aondoapo mguu. Kwa hiyo wako waliotoa gia, na wengine wakazima injini kabisa, kila walipoufikia mteremko. Waliofanya hivyo katika mteremko wa Kitonga, au katika ule mteremko wa kutoka Limuru kushuka Naivasha, walitegemea breki peke yake, na breki ikishapata moto haishiki. Vikombe viwili vya petroli vililipiwa roho za watu.

Iktisadi ya kweli, na ambayo vitabu vya watengenezaji havikuiandika, ilikuwa katika mzigo. Pikapu iliyopanda bara na nazi, maembe na ng'onda haikushuka tupu. Utingo alizunguka soko la Wakulima siku nzima akitafuta viazi na kabichi, na dereva alikubali kulala njaa ya nauli usiku mmoja kuliko kurudi na sanduku lenye upepo. Gari lililochoma madebe matano likichukua tani moja kwenda na tani moja kurudi lilikuwa limechoma kidogo zaidi, kwa kila gunia, kuliko gari dogo la madebe matatu lililorudi likilia bati.

Yule fundi wa chini ya mwembe alinipa kijiti cha mkandaa alichokitoa katika Landrova iliyokatwa kwa kuuzwa chuma chakavu. Kina alama 10, kila moja ya galoni, na ile ya tatu kutoka chini imechongwa mara mbili, kwa kina zaidi, ili kidole kiipate hata gizani.