Gari Likigoma Segerea

"Inapiga stata?"

Hilo ndilo swali la kwanza la mafundi wa gereji za kando ya barabara ya Tabata kwenda Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, hata kabla boneti halijafunguliwa. Injini isiyozunguka kabisa ina ugonjwa wa umeme: betri, nyaya, swichi au stata yenyewe. Inayozunguka ila haishiki inadai mafuta au cheche. Kwa Segerea ya leo, majibu hayo mawili humpeleka mwenye gari kwa watu wawili tofauti, fundi umeme au makenika, na kila mmoja ana bei yake. Zamani mgawanyo huo haukuwa na uzito, kwa sababu stata ilipokufa, safari iliendelea.

Injini za mwanzo zilizungushwa kwa mkono. Stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering ilianza kufungwa kwenye Cadillac za 1912 huko Marekani, na Ford Model T ikaipata mwaka 1919. Hata hivyo watengenezaji waliendelea kuacha tundu la hendeli mbele ya gari kwa miongo mingi. Land Rover zilizoanza kutoka mwaka 1948 zilikuwa nalo, na Peugeot 404 pia. Katika malori kazi hiyo ilimwangukia utingo, na ilikuwa na adabu yake: kidole gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine, hakizungushwi kwenye hendeli, kwa kuwa injini ikirudisha nyuma huvunja mkono.

Hiyo Peugeot 404 ilikuwa na heshima ya pekee nchini. Bert Shankland, dereva wa Tanzania, aliitumia kushinda mashindano ya East African Safari mwaka 1966 na tena 1967. Waliokuwa na uwezo waliinunua, na waliofundishwa ufundi kwenye gereji za Gerezani na Kariakoo waliijua kwa vidole. Elimu yenyewe ilikuwa ya kushika taa, kupokea spana na kunyamaza. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, ameeleza kwa kirefu namna Watanzania walivyojijengea maarifa ya magari kwenye gereji kama hizo, nje ya madarasa.

Kisha ikaja dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973, serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha za kigeni zilizosalia. Spea zikawa hadithi. Betri ikichoka, mwenye gari hakuwaza kununua nyingine, alitafuta mteremko. Gari lililazwa usiku likiangalia bondeni, asubuhi linaachiwa, gia namba mbili ikiwa tayari na mguu kwenye klachi, likishika mwendo klachi inaachiwa ghafla. Mahali tambarare waliitwa vijana, na hakuna aliyeona haya. Katika miaka hiyo gari lisilopiga stata lilikuwa gari zima tu, lenye masharti.

Pumzi ilipatikana mwaka 1984, serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, yakiwemo magari. Mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akaingia Ikulu, na wananchi wakamwita Mzee Ruksa. Magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, hasa ya Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto kama Tanzania. Corolla, Starlet, Mark II, baadaye Vitz na IST. Mengi yalikuja na gia za otomatiki, na hapo ndipo historia ilipogeuka: gari la otomatiki halishtuliwi kwa kusukumwa. Vijana wa mtaa wanaweza kulisukuma kutoka Segerea hadi Buguruni na injini isiseme neno. Mteremko ukapoteza kazi, na fundi umeme akapata ufalme.

Segerea ilikua katika zama hizo hizo. Kwa wengi jina lake lilimaanisha gereza la mahabusu, sehemu ya kufikwa kwa shida mbali na mjini. Nyumba zikaongezeka kutoka Tabata kwenda Kinyerezi, na kufikia 2010 Segerea ikawa jimbo la uchaguzi. Wakazi wanaofanya kazi Posta na Kariakoo walihitaji usafiri, na walichokimudu wengi wao ni gari namba A au namba B, yaani lililosajiliwa zamani na kupita mikono kadhaa. Mamlaka ya mapato, TRA, hutoza ushuru wa ziada kwa gari linaloingizwa likiwa na umri wa miaka 8 au zaidi, basi yaliyokwisha kuingia hutunzwa yasife. Ndiyo sababu chini ya miembe kuna gereji bubu. Serikali za mitaa huzifukuza mara kwa mara, nao wateja huzifuata zilikohamia.

Ufundi wenyewe ni wa kusikiliza. Fundi huwasha taa kubwa za gari na kumwambia mwenye gari azungushe ufunguo. Taa zikififia hadi kuwa nyekundu, betri imeisha au vichwa vyake vimeshika kutu, ile ya unga mweupe na kijani inayooshwa kwa maji ya moto. Taa zikibaki kali na ukasikika mlio mmoja, "tik", macho yanahamia kwenye stata. Kwa Toyota za miaka ya 1990 zenye stata ya Denso, mara nyingi kosa liko kwenye vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi. Umeme wa miaka mingi umevila upande mmoja tu. Fundi hufungua kifuniko kwa spana namba 8, huchomoa chuma cha kati, na vile vipande huonekana: kimoja kizima, kingine kimebaki ukingo mwembamba kama ukucha. Hubadilisha shaba, si stata nzima. Kama taa ziko kali na hata mlio hakuna, hujaribu kwanza kutoa gia P na kuweka N. Swichi ya gia iliyochoka imewafanya wengi wanunue betri bure.

Stata ikizunguka na injini isiwake, magari hayo hayo yana siri nyingine. Ndani ya kisanduku cheusi karibu na injini kuna matundu yaliyoandikwa TE1 na E1. Kipande cha waya kikiyaunganisha, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa, na anayehesabu husoma: mara moja, kituo, mara mbili. Hiyo ni 12, yaani kompyuta haipati ishara kwamba injini inazunguka, na msako unahamia kwenye distributa. Mashine ya kupimia inayochomekwa chini ya usukani ililetwa kwa ajili ya magari mapya zaidi. Ikichomekwa kwenye Corolla ya 1996 ya soko la Japani huwa haina la kusema. Hapo kijana mwenye simu na mashine humpisha mzee mwenye waya.

Maarifa hayo yana darasa pia: sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na chuo chake cha Chang'ombe hufundisha umeme wa magari kama fani kamili. VETA pia huwapima waliojifunza chini ya mwembe na kuwapa vyeti vya ujuzi walio nao, jambo lililochelewa mno. Mwenye gari la zamani anayetaka kuokoa fedha na aanze na kipimo cha voti: betri nzima iliyopumzika husoma takriban 12.6, na ikishuka chini ya 12 inahitaji kuchajiwa kwanza. Fundi anayeagiza stata mpya bila kupima hilo, aambiwe asubiri.