Matairi ya gari la spoti: Masika ndiyo ya kuangaliwa, si unene wa kashata

MAGARI yenye injini kali na umbo la kispoti, yakiwamo Subaru Impreza WRX na Toyota Altezza, yamekuwa ya kawaida katika mitaa ya Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Mengi kati ya hayo yaliletwa yakiwa yametumika Japan. Wanunuzi huyakagua injini, gia na rangi, kisha huyatoa bandarini bila kuinama kutazama matairi.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Gari lililotumika Hokkaido au mikoa mingine ya kaskazini mwa Japan huweza kufika likiwa bado limevaa matairi ya theluji. Mmiliki wa kwanza alikuwa na seti mbili, moja ya miezi ya baridi na nyingine ya miezi ya joto. Gari likiuzwa Januari, huondoka na zile zilizokuwa miguuni.

Kwa macho, kosa hilo halionekani. Tairi la theluji lililofika nusu ya maisha yake bado huwa na kashata nene kuliko matairi mengi ya gari la spoti yaliyotumika kwa muda huo huo. Mwenye gari hufurahi kwamba hatalazimika kununua mengine. Lakini juu ya lami iliyoloa, katika joto la nyuzi 30, unene huo haumsaidii.

Misimu ya wengine

Watengenezaji huyagawa matairi ya magari madogo katika makundi matatu: ya kiangazi, ya baridi na ya misimu yote. Majina hayo yametoka katika nchi zenye misimu minne, na humpotosha msomaji ambaye mwaka wake ni masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Tairi la kiangazi si tairi la barabara kavu. Kinachotenganisha makundi hayo ni halijoto, na mpaka unaotajwa na watengenezaji wengi ni nyuzi 7 za Selsiasi.

Chini ya nyuzi hizo mpira wa tairi la kiangazi hukakamaa na kupoteza mshiko, ilhali mpira wa tairi la baridi umechanganywa ili ubaki laini hata juu ya barafu. Juu ya mpaka huo mambo hugeuka. Kashata za tairi la theluji zimejaa mikato myembamba kama ya wembe, iliyokusudiwa kuuma barafu. Mpira ukipata joto, mikato hiyo huzifanya kashata ziyumbe kila dereva anapokanyaga breki au kukata kona. Gari husimama mbali zaidi, usukani huchelewa kuitika, na mpira huisha upesi.

Dar es Salaam haikaribii nyuzi 7 hata usiku wa Julai. Nairobi na Arusha watu huvaa masweta asubuhi za mwezi huo, lakini kwa kawaida halijoto hubaki juu ya mpaka. Njombe na Makete hupata usiku wa baridi kali zaidi, hata umande kuganda. Hata hivyo jua likishapanda lami hupata joto. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, basi, tairi linalofaa gari la spoti mwaka mzima ni lile la kiangazi lenye mifereji mipana ya kutoa maji.

Msomaji aliyeko ughaibuni hesabu yake ni nyingine. Ujerumani iliweka sheria mwaka 2010 ya kutumia matairi yanayofaa theluji na barafu barabara zinapokuwa na hali hiyo, na katika jimbo la Quebec, Kanada, matairi ya baridi ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Huko gari la spoti huhitaji seti mbili. Baadhi ya matairi yanayovuliwa Ulaya huishia kwenye masoko ya mtumba barani Afrika, yakiwa yamesafishwa na kupakwa dawa nyeusi ya kung'arisha. Dawa hiyo ni nzuri sana kwa kuficha nyufa.

Kusoma ubavu wa tairi

Habari yote muhimu imeandikwa ubavuni. Alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake ina maana kwamba tairi limefaulu jaribio la theluji. Herufi M+S, za matope na theluji, ni tamko la mtengenezaji tu. Matairi ya Japan huandikwa pia STUDLESS, yaani yasiyo na misumari. Japan ilitunga sheria ya kuzuia matairi ya misumari mwaka 1990, kwa kuwa yalikuwa yakikwangua lami na kujaza vumbi katika miji ya kaskazini, na tangu hapo viwanda vyake vimekuwa mahiri katika kutengeneza mpira laini wa theluji. Tairi la kiangazi kwa kawaida halina alama yoyote ya msimu.

Baada ya hapo itafutwe tarehe. Mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na huzeeka haraka zaidi ukiegeshwa juani. Watengenezaji kadhaa hushauri ukaguzi wa kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na kuyatupa matairi yakifika miaka 10 tangu yatengenezwe, hata kama kashata zinaonekana nzima. Muuzaji anayekataa mteja asisome tarakimu hizo amekwisha kujibu swali.

Kipimo nacho kisibadilishwe kwa mapenzi ya macho. Katika 215/45R17, namba 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kimo hicho ni milimita 97 tu. Vijana wengi huongeza rimu hadi inchi 18 na kuvalisha 225/40R18, na ubavu hushuka hadi milimita 90. Kwenye barabara yenye mashimo na matuta, hizo milimita saba ndizo zilizokuwa zikiilinda rimu isipinde. Tairi pana zaidi pia huelea juu ya maji mapema kuliko jembamba, jambo ambalo wauza rimu hawalisemi.

Kipimo hufuatwa na namba ya uzito na herufi ya mwendo, mathalani 87W. Namba 87 ni kilo 545 kwa kila tairi. W ni kilomita 270 kwa saa, V ni 240, H ni 210, na Q, ambayo ni ya kawaida kwa matairi ya theluji, ni 160. Ni kweli kwamba hakuna mahali pa kukimbia kilomita 240 kati ya Kimara na Kibaha. Lakini herufi hiyo hupima pia uwezo wa tairi kuhimili joto, na safari ya Dodoma mchana wa Februari, gari likiwa na abiria wanne na mizigo, ni mtihani wa joto. Isichukuliwe herufi ya chini ya ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Mvua inapoanza

Tairi jipya la gari dogo huwa na kashata zenye kina cha karibu milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, kashata zikilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa barabara inayotuama maji, kungoja hadi hapo ni kuchelewa. Ni afadhali kubadilisha zikibaki milimita 3, na kufanya hivyo Februari kabla ya masika, si Aprili baada ya gari kuteleza mara ya kwanza.

Watafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, walichunguza katika miaka ya 1960 jinsi matairi ya ndege yanavyoelea juu ya maji, wakapata kanuni inayotegemea zaidi upepo wa tairi. Kwa kanuni hiyo, maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi lenye upepo wa PSI 32 huanza kuelea kwenye kilomita 94 hivi kwa saa. Likiwa na PSI 24, hushuka hadi 82. Kwa magari ni makadirio, lakini yanaonyesha kwamba upepo mdogo humwondolea dereva usukani mapema.

Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Katika magari ya Japan huwa kwa kilopaskali: 220 ni sawa na PSI 32. Upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi. Fundi anayepunguza upepo mchana baada ya gari kutembea, kwa kuona umezidi, anaandaa tairi legevu la kesho.

Katika kununua matairi yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, lebo yake huwa na herufi kando ya picha ya wingu la mvua, kuanzia A hadi E tangu mwaka 2021. Ndiyo herufi ya breki kwenye maji, na kwa gari la spoti ni A au B. Kwa upande mwingine, matairi ya mashindano yenye mifereji michache, ambayo namba yake ya uchakavu ya Marekani huwa 200 au chini yake, yanashika vizuri lami kavu. Masika yakianza, heri yabaki stoo.

Mawili au manne?

Fedha ikitosha matairi mawili tu, mazoea ni kuyafunga mbele, kwa sababu ndiko kwenye usukani. Watengenezaji husema kinyume: mapya yakae nyuma. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari huenda moja kwa moja na dereva huhisi, akapunguza mwendo. Ya nyuma yakiteleza, gari huzunguka kabla hajajua la kufanya.

Kwa Subaru na magari mengine yanayovuta magurudumu yote manne, matairi mawili hayatoshi. Subaru nchini Marekani hutaka mizingo ya matairi isipishane zaidi ya robo inchi, sawa na tofauti ya milimita moja tu katika kina cha kashata. Ikizidi hapo, difu ya kati hufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na kuitengeneza huweza kugharimu zaidi ya matairi yaliyookolewa.

Kabla ya kuondoka kwa fundi, mteja azunguke gari mara moja. Matairi yenye mshale na neno ROTATION lazima yazunguke kuufuata, vinginevyo mifereji hukusanya maji badala ya kuyatoa. Yenye neno OUTSIDE, upande huo uonekane nje. Kuyageuza huchukua dakika chache yakiwa bado kwenye mashine.