UZI: Kwa nini lami ilichukua zaidi ya miaka 50 kufika Moyale

Kila msimu wa siasa lazima mtu asimame jukwaani aseme "mimi ndiye niliwaletea lami." Mwingine naye anajibu kwamba ushuru wa watu wengi unamwagwa jangwani kwa watu wachache. Kabla hujachagua upande, tuangalie barabara moja tu: A2, Nairobi hadi Moyale. Sitaji mwanasiasa wala chama. Karibu wote wamepitia hapo.

Njia yenyewe kwanza. Inatoka Nairobi, Thika, Makutano, Sagana, Karatina, inazunguka Mlima Kenya kupitia Nanyuki na Timau, inashuka Isiolo. Hadi hapo wengi mnaijua. Kisha inaendelea Archer's Post, Merille, Laisamis, Marsabit, inakata jangwa la Dida Galgalu, Turbi, halafu Moyale mpakani na Ethiopia. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kama kilomita 500.

Ile herufi A si urembo. Ni daraja la barabara kuu zinazounganisha nchi na nchi. A2 pia ni kipande cha ile ndoto ya barabara ya Cairo hadi Cape Town. Kwa karatasi ni barabara ya kimataifa. Kwa ground, lami iliisha Isiolo kwa miongo na miongo, na mbele yake ilikuwa mawe, mchanga na vumbi. Mvua ikinyesha, mnalala njiani.

Watu husema ni umbali na ukame. Sawa, lakini umbali haukuzuia reli ya Mombasa hadi Kisumu ambayo Waingereza walimaliza 1901, na ile ilipita nyika ya Taru. Kaskazini walikuwa na mpango tofauti. Waliiona kama ukuta wa kuwatenga Waethiopia na, baadaye, Waitaliano. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni ilikuja kutumika kufunga eneo: huingii wala hutoki bila pasi. Mwaka 1934 wakaongeza sheria nyingine iliyowapa maafisa wa utawala mamlaka ya kukamata watu na kuadhibu jamii nzima kwa kosa la wachache. Barabara iliyokuwepo ilikuwa ya askari na bwana DC. Hata 1940, Waitaliano walipoiteka Moyale, malori yaliyojaa njia ya Marsabit yalikuwa ya jeshi. Hakuna aliyekuwa akiwaza soko la mbuzi.

Halafu uhuru. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kusikiza maoni kule NFD ilikuta wengi, hasa Wasomali, wanataka kujiunga na Somalia. London haikufuata maoni hayo. Desemba 1963, wiki mbili hivi baada ya bendera kupanda, hali ya hatari ikatangazwa kaskazini. Vita vya Shifta viliendelea hadi 1967. Watu walikusanywa kwa vijiji vyenye ulinzi, na mifugo mingi ikaisha, mingine kwa risasi. Na hapa watu wa TL huwa wanaruka: vita viliisha 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliondolewa 1991. Yaani mtoto aliyezaliwa Marsabit siku ya uhuru alifika miaka karibu 28 akiishi chini ya sheria ambazo mwenzake wa Nyeri hakuzijua. Ndiyo maana wazee wa huko, wakisafiri kuja chini, husema "naenda Kenya." Si mzaha.

Katikati ya hiyo vita ndiyo tukapata Waraka Nambari 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika. Kama unasoma somo langu umeshautapika kwa mtihani. Hoja yake kuhusu maendeleo ilikuwa rahisi: nchi ni maskini, kwa hivyo pesa ziende mahali zitazaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme tayari. Faida ingesambaa baadaye kwa wengine.

Kiuchumi si upuuzi, na walioandika hawakuwa wajinga. Shida ni hiyo "tayari." Nani alikuwa na barabara tayari 1965? Aliyejengewa na mkoloni. Kwa hivyo ukosefu wa barabara jana ukawa sababu ya kunyimwa barabara leo.

Matokeo yake yalikuwa ni abiria kukaa juu ya lori la ng'ombe, wameshika vyuma, siku mbili tatu hadi Isiolo, na malori kwenda kwa msafara wenye askari wa bunduki kwa sababu ya majambazi. Mgonjwa wa Moyale aliyehitaji hospitali kubwa alipitia hapo hapo. Mwenye ng'ombe aliuza kwa bei ya mchuuzi aliyekuja na lori, kwa sababu lori lingine lingekuja lini?

Lami ilianza kutoka Isiolo kwenda Merille 2007, kilomita 136, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Merille hadi Marsabit ikapata fedha za Muungano wa Ulaya. Vipande vya Turbi na Moyale vikafuata, na kufikia 2017 njia yote ilikuwa imeungana. Kwa hivyo ukisikia mtu mmoja anasema "nilijenga," hesabu: zaidi ya serikali moja, wafadhili zaidi ya mmoja, na mikopo ambayo mimi na wewe bado tunalipa.

Sasa Nairobi hadi Moyale basi linaweza kutumia usiku mmoja.

Tuje kwa "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja." Hoja hii ilikwamisha Seneti wiki kadhaa 2020. Sensa ya 2019 iliipa Kiambu zaidi ya watu milioni 2.4, na Marsabit karibu 460,000. Mkaazi wa Kiambu ana haki ya kuuliza mbona zahanati yake imejaa, na kumwita mbinafsi si jibu. Lakini Marsabit ina zaidi ya kilomita za mraba 60,000, na kilomita ya lami haipungui bei kwa sababu wanaoipita ni wachache. Ukigawa kwa vichwa pekee, umerudi 1965 kupitia mlango wa nyuma. Katiba ya 2010 iliona hilo, ikaweka Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato kwa miaka 20, kwa maji, barabara, afya na umeme maeneo yaliyoachwa. Pesa zenyewe zimetoka kwa kusuasua sana, na hilo mbona halitajwi jukwaani?

Mjadala wenyewe haujaisha. Hivi sasa zamu ni ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, zaidi ya kilomita 700, na Benki ya Dunia ni mmoja wa wakopeshaji. Mtaanza kusikia nani "ameileta."