Mlezi Apitaye na Mtoto Abakiye: Funzo kutoka Nyumba ya Yatima ya Halle

Mwanafunzi wa theolojia aliyetumika katika nyumba ya yatima ugenini huulizwa mara nyingi amejifunza nini huko. Ni nadra kuulizwa watoto walibaki na nini alipoondoka. Swali hili la pili si geni katika historia ya Walutheri. Lilijitokeza mapema huko Halle, Ujerumani.

August Hermann Francke (1663–1727) alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Halle na mchungaji wa Glaucha, mji wa maskini uliopakana na Halle. Mwaka 1695 alikuta thaler 4 na groschen 16 katika kisanduku cha sadaka nyumbani kwake. Kwa fedha hizo alinunua vitabu na kumlipa mwanafunzi mmoja awafundishe watoto wa mafukara. Mwaka huohuo akaanza kupokea yatima. Kwanza waliwekwa katika familia za Kikristo, kisha wakakusanywa katika nyumba moja chini ya uangalizi wa mwanafunzi wa theolojia, Georg Heinrich Neubauer. Mwaka 1697 Neubauer alitumwa Uholanzi, nchi iliyosifika kwa nyumba zake za yatima, akiwa na orodha ndefu ya maswali. Tuzingatie jambo hili: hakwenda ugenini kufundisha, bali kuuliza. Mwaka 1698 jiwe la msingi la jengo kubwa la Halle liliwekwa.

Maisha ya kila siku yalikuwa ya utaratibu mkali. Watoto waliamka alfajiri. Siku yao iligawanywa kati ya sala, masomo na kazi za mikono, na hata wavulana walifundishwa kufuma. Wanafunzi wa theolojia waliokuwa maskini walipewa chakula bure, nao walilipa kwa kufundisha saa chache kila siku. Francke alipofariki mwaka 1727, shule zake zilikuwa na watoto zaidi ya 2,200, miongoni mwao yatima 134.

Mpango huo uliwanufaisha wengi, lakini ulikuwa na udhaifu wake. Mwanafunzi hupita, akili yake imo katika mitihani, na mwito wa usharika ukija huaga. Mtoto aliyekwisha kufiwa na wazazi huachwa tena. Kwa hiyo mwaka 1707 ilianzishwa seminari maalumu ya walimu. Aliyepokelewa alitunzwa na kuandaliwa kwa miaka miwili, naye aliahidi kufundisha miaka mitatu baada ya hapo. Nia njema haikuonekana kuwa inatosha. Ilidaiwa ahadi yenye muda.

Hatusemi kwamba Halle haikuwa na kosa. Upietisti ule uliutilia shaka mchezo wa watoto, ukaweka bustani na kazi mahali pake. Leo tunajua kwamba mtoto hukua pia kwa kucheza, na kwamba anahitaji mlezi ambaye uso wake haubadiliki kila mara.

Tunda la mafunzo yale lilionekana ng'ambo ya bahari. Walutheri waliofukuzwa Salzburg kwa amri ya mwaka 1731 walipohamia Georgia, Amerika ya Kaskazini, mwaka 1734, walichungwa na Johann Martin Boltzius na Israel Christian Gronau, wote wawili wakiwa wamefundisha katika shule za Halle. Maradhi yaliua wengi, yakaacha yatima. Huko Ebenezer walifungua nyumba ya yatima, na ulezi wa kila siku wakamkabidhi mmoja wa wahamiaji wenyewe, Ruprecht Kalcher, pamoja na mkewe. Wachungaji nao hawakurudi kwao: Gronau alifariki hapo mwaka 1745, na Boltzius mwaka 1765.

Vijana wengi kutoka Ulaya na Marekani wamekuja kujitolea katika vituo vya yatima vya Afrika Mashariki, wengine kwa majuma machache tu. Wapokelewe kwa upendo, maana ukarimu ni agizo. Lakini sisi wachungaji, ambao mara nyingi ndio tunaowakaribisha, hatuna budi kuwapangia kazi kwa hekima. Apitaye na afue nguo, alime, atengeneze paa, amsaidie mlezi. Kumpakata mtoto usiku na kumwita mwanangu ni kazi ya yule atakayekuwapo kesho. Waraka wa Yakobo (1:27) unasema juu ya kuwaendea yatima katika dhiki yao. Dhiki hiyo haimalizwi na likizo ya chuo.